Bahari Nayo Ipumzike: Wavuvi, Wageni na Mwamba wa Kisiwa cha Apo



Katika vijiji vya pwani na visiwani hufika mara kwa mara watu wenye pendekezo moja. Wanawaomba wanakijiji wafunge sehemu ya mwamba wao, wasivue humo kwa muda, ili samaki wapate kuzaliana. Tena wanaahidi kwamba wageni watakuja kuyatazama matumbawe na kasa, na fedha zitaingia kijijini. Swali la wavuvi huwa moja, nami nimelisikia zaidi ya mara moja baada ya Misa: “Padre, tukiifunga bahari, watoto watakula nini kesho?”

Swali hili ni la haki. Mtu anayevua asubuhi ndipo apate cha kupika jioni hawezi kuambiwa asubiri miaka kadhaa kwa maneno matupu, hata maneno hayo yakitoka altareni. Linastahili jibu lenye ushahidi. Ndiyo maana katika makala hii napenda kueleza yaliyotokea katika kisiwa kidogo cha Apo, nchini Ufilipino, mahali ambapo jambo hili limejaribiwa kwa zaidi ya miaka 40 na kufuatiliwa na wataalamu tangu mwanzo. Kisha tutarudi mwambao wetu, na mwisho tutatazama mafundisho ya Mama Kanisa yanatuelekeza wapi.

Kisiwa kilichokuwa kikiishiwa

Apo ni kisiwa cha asili ya volkano chenye ukubwa usiofika kilometa moja ya mraba, katika manispaa ya Dauin, mkoa wa Negros Oriental. Wakazi wake wameishi kwa uvuvi vizazi na vizazi. Hadi kufikia miaka ya 1970, bahari iliyokizunguka ilikuwa imeanza kuchoka. Baadhi ya wavuvi walitumia baruti, wengine sumu, wengine nyavu za macho madogo. Kulikuwa pia na uvuvi ambao wazamiaji huupigapiga mwamba kwa mawe ili samaki watoke mafichoni na kukimbilia wavuni. Wavuvi wetu wanaujua uvuvi wa namna hiyo. Huku kwetu huitwa kigumi.

Madhara ya mbinu hizo hayaishii katika samaki wa siku ile. Baruti huua mkubwa na mdogo pamoja, hata wale wasiofaa kwa mboga, na huyavunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba yao. Tumbawe ni kiumbe hai. Yale ya mviringo hukua takriban sentimita 1 tu kwa mwaka, kwa hiyo jiwe lenye urefu wa mtu limejengwa kwa muda unaozidi maisha ya babu na mjukuu wake. Mlipuko mmoja hulivunja kwa nukta moja. Mwamba ukishakuwa kokoto, samaki hawana pa kujificha wala pa kutagia, na mvuvi hulazimika kupiga kasia mbali zaidi ili apate kidogo zaidi.

Jinsi walivyokubaliana

Mtu aliyewashawishi watu wa Apo alikuwa Angel Alcala, mtaalamu wa viumbe vya baharini wa Chuo Kikuu cha Silliman kilichoko Dumaguete. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1901 na wamisionari wa Kipresbiteri. Nalitaja hili kwa makusudi: katika nchi ambayo watu wake wengi ni Wakatoliki, wavuvi walimpokea mwalimu wa chuo cha ndugu zetu Waprotestanti, wakamsikiliza, wakafaidika. Kazi ya kuitunza bahari haimwulizi mtu amebatizwa wapi.

Profesa Alcala hakuanzia Apo. Mwaka 1974 yeye na wenzake walikuwa wamesaidia kuanzisha hifadhi katika kisiwa jirani cha Sumilon. Kwa miaka kadhaa sehemu iliyofungwa ilijaa samaki, na wavuvi waliotega nje ya mpaka walipata mavuno mazuri. Lakini wavuvi wa Sumilon walitoka ng'ambo, katika kisiwa kikubwa cha Cebu, na ulinzi ulitegemea sana utashi wa viongozi. Siasa za mahali zilipobadilika, ulinzi ulivunjika, na mwaka 1984 wavuvi wakaingia hifadhini. Mtu angetegemea kwamba kwa kufunguliwa eneo zima wangepata samaki wengi zaidi. Ikawa kinyume. Wataalamu waliopima mavuno kabla na baada walikuta kwamba katika muda wa miezi 18 yalikuwa yameshuka kwa takriban nusu, ingawa eneo la kuvulia lilikuwa limeongezeka.

Kwa Apo njia ilikuwa ndefu zaidi. Wataalamu walikwenda kisiwani wakaketi na watu, wakaeleza, wakajibu maswali, wakawachukua baadhi ya wavuvi kwenda Sumilon, wakati ule hifadhi ingali nzima, wakajionee kwa macho yao. Mwaka 1982 familia 14 zilikubali kujaribu. Walichagua sehemu ya mwamba yenye urefu wa mita 450 ufukweni, ikienda mita 500 kuelekea baharini. Hiyo ilikuwa takriban sehemu moja ya kumi ya eneo lao la kuvulia; sehemu tisa zilibaki wazi. Wengine kijijini walibaki na shaka, na hawakulazimishwa. Samaki walipoanza kuonekana wengi na wakubwa, shaka zikapungua. Mwaka 1985 kijiji kizima kiliridhia, na halmashauri ya manispaa ikaweka sheria ndogo: ndani ya hifadhi hakuna kuvua kabisa, na kukizunguka kisiwa chote mbinu haribifu zimepigwa marufuku. Zamu za ulinzi zilishikwa na wanakijiji wenyewe.

Kwa nini sehemu ndogo hulisha sehemu kubwa

Huenda msomaji akajiuliza: samaki walio ndani ya eneo lililofungwa wanamfaidia nini mvuvi aliyekatazwa kuwagusa? Jibu liko katika maumbile yao.

Kwanza, samaki hutaga kwa kadiri ya ukubwa wake. Jike kubwa hutaga mayai mengi mno kuliko majike kadhaa madogo yaliyowekwa pamoja. Aidha, aina nyingi za chewa huanza maisha zikiwa majike, na baadaye, wakishakuwa wakubwa, baadhi hugeuka madume. Tukiwamaliza wakubwa wote, tumewaondoa pamoja wazazi wa kike na wa kiume. Pili, mayai na vifaranga huchukuliwa na mkondo kwa siku nyingi, huenda kuota katika miamba iliyo nje ya hifadhi. Tatu, eneo likishajaa, samaki wenyewe hutoka kutafuta nafasi. Ndiyo sababu wavuvi wa mshipi huko Apo walipata mavuno bora karibu na mpaka, na utafiti ulioendelea kwa miaka mingi ulithibitisha walichokiona.

Basi eneo lililofungwa ni kama mbegu ambayo mkulima huiweka darini. Hata mwaka wa njaa, mkulima mwenye akili haili mbegu yote.

Wageni walikuja baadaye

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Watu wa Apo hawakuanza na utalii. Walianza na mwamba. Matumbawe yalipopona na kasa kuzoea watu, ndipo wageni wakaanza kufika kuzamia na kuogelea. Zikajengwa nyumba chache za wageni. Wanakijiji wakapata kazi za kuendesha mashua, kupika, kuongoza wageni na kuuza nguo ufukweni. Ada ya kiingilio ikasaidia mahitaji ya pamoja, na baadhi ya vijana wakasoma hadi ngazi ambazo wazazi wao hawakuzifikia.

Utalii wa ikolojia, kwa maana yake halisi, ndio huu: mgeni huja kwa sababu ya uumbaji uliotunzwa, hauharibu, na sehemu ya fedha yake huwafikia waliojinyima ili uumbaji huo upone. Sharti la mwisho likikosekana, jina linabaki lakini haki imeondoka. Tajiri akijenga hoteli ufukweni, akamzuia mama asipite kwenda kuchokoa pweza, kisha akapandisha bendera ya mazingira, tusiuite utalii wa ikolojia. Huo ni unyang'anyi uliopakwa rangi ya kijani.

Mitihani iliyowapata

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo. Mwaka 1994 serikali ya Ufilipino ilikitangaza kisiwa cha Apo kuwa eneo la hifadhi la taifa. Ilikuwa heshima, na ilileta ulinzi wa sheria kubwa. Lakini maamuzi yaliyokuwa yakifanywa na wanakijiji yalihamia katika bodi yenye wajumbe wengi, na ada za wageni zikaanza kupitia hazina ya serikali kabla ya sehemu yake kurudi kisiwani. Fedha zilichelewa, na wenyeji wakanung'unika kwamba wamekuwa wageni katika kazi ya mikono yao. Nia ya serikali haikuwa mbaya. Umbali kati ya anayeamua na anayelinda ndio ulioleta ubaridi.

Mtihani wa pili ulitoka mbinguni, kama wasemavyo wazee. Tufani ya Desemba 2011, ikifuatwa na nyingine ya Desemba 2012, iliyavunja vibaya matumbawe ya hifadhi ile iliyolindwa kwa miongo mitatu. Na mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 uliposimamisha safari duniani kote, visiwa vilivyotegemea wageni vilikosa mapato ghafla. Kijiji kilichokuwa kimeuza nyavu zake ili kuishi kwa utalii peke yake kilijuta. Kile kilichobaki na mwamba wenye samaki kilikula. Kwa hiyo mgeni ni baraka ya nyongeza. Chakula cha nyumba kinapaswa kubaki baharini na shambani.

Mwambao wetu

Mambo haya hayako mbali nasi. Mwaka 2004, huko Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, wavuvi wa kabila la Vezo walikubali kufunga sehemu moja ya mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue. Walimchagua pweza kwa hekima. Maisha yake ni mafupi, hukua upesi sana, na jike huyalinda mayai yake mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Hivyo, subira ya miezi tu huonekana katika mizani. Siku ya kufungua, kijiji kilipata pweza wakubwa, na habari ikaenea kutoka ufuko hadi ufuko. Kutokana na jaribio hilo dogo, vijiji vya sehemu ile viliungana kusimamia eneo kubwa zaidi la bahari yao.

Mfano huo umevuka maji hadi Pemba. Huko Kisiwa Panza, wanakijiji wamefunga na kufungua mwamba wa pweza kwa zamu, na wanawake wenye michokoo, ambao ndio wachokoaji wakubwa wakati wa bamvua, wamekuwa na sauti katika kupanga. Na katika kisiwa cha Wasini, kaunti ya Kwale nchini Kenya, kikundi cha wanawake kimejenga njia ya mbao inayopita kati ya mikoko na mawe ya matumbawe ya kale; wageni hulipa kiingilio kidogo, na fedha hizo hubaki mikononi mwa akina mama na kijiji chao.

Vyombo vya kisheria vya kufanya kazi kama hii tunavyo. Tanzania Bara na Kenya kuna vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyojulikana kwa kifupi kama BMU. Zanzibar kuna kamati za wavuvi za shehia. Kinachokosekana mara nyingi ni watu waaminifu wa kuvijaza, na wanakijiji wa kuvisimamia visigeuke kuwa milango ya rushwa.

Mafundisho ya Kanisa

Katika Waraka wake wa Kitume “Laudato si'”, yaani “Sifa iwe kwako”, wa mwaka 2015, Papa Fransisko alizungumzia bahari na matumbawe katika aya ya 40 na 41. Alipotaka kuonyesha uchungu wa mwamba uliokufa, aliyachukua maneno ya maaskofu wa Ufilipino kutoka katika barua yao ya kichungaji ya mwaka 1988. Wachungaji wale walikuwa wakisema juu ya bahari hizi hizi ambamo Apo ipo. Sauti ya visiwa vya wavuvi ikaingia katika mafundisho ya Kanisa la ulimwengu.

Maandiko Matakatifu nayo yanatupa taa tatu.

Ya kwanza ni sabato. Katika kitabu cha Kutoka na cha Walawi, Mungu anaagiza kwamba shamba lipandwe miaka sita, na mwaka wa saba lipumzike, ili maskini wale na ardhi ipate nguvu. Waisraeli walikuwa wakulima na wafugaji, hivyo agizo limeandikwa kwa lugha ya shamba. Kwa mvuvi, mwamba ndio shamba. Kuufunga kwa muda ni kuipa bahari sabato yake, na ni kuungama kwamba Bwana wa bahari ni mwingine.

Ya pili ni kiota. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamruhusu mtu aliyekuta kiota njiani kuchukua makinda, lakini imemkataza kumchukua na mama. Ni sheria ndogo, karibu tuipite bila kuiona, lakini ndani yake mna elimu yote ya uvuvi endelevu: kula, lakini mwache mzazi.

Ya tatu ni agizo la bustanini, katika Mwanzo 2:15. Mwanadamu aliwekwa ailime na kuitunza. Maneno haya mawili hayatenganishwi. Anayevua bila kutunza amelishika neno moja. Na anayetaka bahari itunzwe huku mvuvi akifukuzwa amelishika neno jingine tu.

Pamoja na hayo iko kanuni auni, iliyoelezwa kwa uwazi na Papa Pio XI mwaka 1931 katika Waraka “Quadragesimo Anno”. Inafundisha kwamba jambo linaloweza kufanywa na jumuiya ndogo lisinyakuliwe na chombo kikubwa. Kazi ya mkubwa ni kumsaidia mdogo atimize wajibu wake. Sumilon ilianguka kwa kukosa watu wa kuilinda. Apo ilisimama kwa sababu watu waliilinda, na ilidhoofika pale maamuzi yalipohama. Kwa macho ya imani, tunaiona kanuni hii ikithibitishwa na samaki.

Kabla ya kutia sahihi

Iwapo pendekezo la hifadhi au la utalii litafika kijijini kwenu, msilikatae kwa hofu wala msilipokee kwa tamaa. Ulizeni kwanza mambo haya hadharani, si chini ya mwembe na watu watatu:

Ni sehemu gani itafungwa, na nani anavua pale leo? Mara nyingi sehemu ya karibu na ufuko, inayoonekana rahisi kufungwa, ndiyo jiko la wajane na akina mama wasio na chombo.

Itafungwa kwa muda gani, na nani ataamua kuifungua? Ni vema kuanza na kipande kidogo na muda mfupi, kama walivyofanya wenzetu kwa pweza.

Nani atalinda usiku, na atalipwa kutoka wapi?

Fedha za wageni zitawekwa wapi, nani atatia sahihi, na hesabu zitasomwa lini mbele ya wote?

Ardhi ya ufukweni itabaki ya nani? Kiwanja kikishauzwa, hakirudi.

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, maswali haya yanafaa kujadiliwa kwa sala. Hata hivyo, tusijifungie. Katika visiwa vyetu vingi Wakristo ni wachache, na mwenye jahazi, mwenye dema na mama mchokoaji ni jirani yetu Mwislamu. Samaki hawajui mpaka wa parokia. Hifadhi isiyokuwa na ridhaa ya jirani haitamaliza msimu mmoja wa kusi.

Na kwa yule ndugu aliyeuliza watoto watakula nini kesho, jibu langu ni hili: tusifunge yote, tusifunge bila wewe, na siku za kungoja tusikuache peke yako. Kama kijiji kinamwomba mtu mmoja apumzishe sehemu aliyokuwa akivua, kijiji kizima kibebe njaa yake, kwa mchango, kwa kazi ya zamu, kwa nafasi ya kwanza siku ya kufungua. Parokia iwe ya kwanza katika kubeba mzigo huo.

Bwana wetu aliwachagua wavuvi kuwa mitume wake wa kwanza, na baada ya ufufuko aliwakuta kando ya ziwa, akawatayarishia samaki na mkate wakiwa wamechoka. Tumwombe atujalie hekima ya kuitunza bahari aliyotukabidhi, ili wajukuu wetu nao wakute cha kuvua na cha kumsifu Mungu kwacho.

Bikira Maria, Nyota ya Bahari, utuombee.